Tumbo la Dinosaria Chini ya Zege

Vijana wa banda la mifupa, mmeniomba niwaandikie maneno ya busara kabla sijasahau. Busara sina. Nina vumbi la miaka mingi kifuani, kucha zilizogoma kuota sawasawa, na habari za mnyama mmoja aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko adabu yake. Nitaandika hizo. Habari za vyeo naziacha, kwa sababu vyeo vilipita ng'ambo ya barabara wala havikunisalimia.

Nilifika Shirimatunda, chini ya mlima, kuomba kazi ya kufagia. Banda wakati huo lilikuwa ghala la kahawa lililostaafu, bati juu, sakafu ya udongo, na harufu ya buni ambayo haikutoka hata baada ya sisi kuleta harufu zetu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Elirehema wa Machame, mtu mfupi mwenye koti la kaki lisilofuliwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpa shikamoo. Akaniitikia marahaba huku akinimwagia mezani gunia zima la mifupa ya mbuzi.

"Panga," akasema.

Nikapanga. Kichwa, shingo, mgongo, mbavu kushoto, mbavu kulia, miguu, mpaka vile vifupa vidogo vya kwenye kifundo ambavyo wanaume huwa wanamtupia mbwa. Alipoona nimemaliza kabla chai yake haijapoa, akavua miwani.

"Nani alikufundisha?"

"Sufuria, Mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Anayejua mila zetu ataelewa. Mlimani, wanaume ndio wanaochinja kule migombani na wao ndio wanaogawa mafungu. Sisi wanawake tunasubiri nyumbani tuletewe chetu. Kwa hiyo wao wanamjua mbuzi akiwa na nyama. Sisi tunamjua akishachemka kwenye mtori wa ndizi, mifupa imebaki mieupe na watoto wanaigombania. Mzee alisema hajawahi kufikiria hivyo, na siku hiyo hiyo ufagio nikaachana nao.

Mambo ya kazi aliyonifundisha mengine bado mnayatumia. Sindano ya upepo, ile inayolia kama kwa daktari wa meno, ishikeni kama kalamu wala msiikamate kama jembe. Gundi iwe nyepesi kwanza, nzito baadaye. Vumbi liondoeni kwa brashi, msipulize kwa mdomo, maana mtalila nyinyi wenyewe. Na ukiwa huna hakika kama ulichookota ni mfupa au jiwe, lamba. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, unanata ulimini. Jiwe halinati. Wageni wakituona tunalamba mawe walidhani ni umaskini.

Ila somo lake kubwa lilikuwa la mafungu. Mzee hakupenda majina ya Kilatini. Alisema mtu hawezi kukumbuka jina ambalo hata babu yake asingeweza kulitamka. Kwa kila mfupa aliuliza, "Huyu angepewa nani?" Mgongo wa baba, kidari cha mama, shingo ya mjomba, na kadhalika mpaka kwato. Msiniandikie barua kunirekebisha. Najua Marangu kwetu tunagawa tofauti na Machame, na Rombo wana yao, na tulibishana juu ya hilo kila siku ya Mungu. Lakini njia ile ilifanya kazi. Mfupa ukishapata mwenyewe, haupotei. Masanduku yetu yote yaliandikwa hivyo, na mwandishi wa lebo nilikuwa mimi kwa kuwa mwandiko wa Mzee ulifanana na mapito ya konokono.

Halafu akaja yeye. Alishuka kwenye lori kutoka kusini, vipande vipande, kila kipande kimefungwa plasta na magunia kama mgonjwa wa ajali. Mkuu wa kituo, msomi kutoka Tabora aliyekuwa anaishi kwenye warsha na kutembelea ofisi, alitutangazia kwamba ni dinosaria mla nyama mkubwa, wa zaidi ya miaka milioni mia moja, na kwamba atasimamishwa katika ukumbi mpya watu waje kumwona. Kisha akaondoka kwenda warshani.

Tulikaa naye miaka. Nawaambia kweli, ukimsafisha mtu mfupa kwa mfupa humwogopi tena. Wageni wanaingia pale wanashika vifua, wanaita mfalme, jitu, kiama. Mimi namwona jirani mkorofi. Meno yalikuwa yamejikunja kuelekea kooni, kingo zake zina misumeno midogo unayoweza kuisikia kwa kucha. Jino likivunjika lilisukumwa na jingine kutoka chini, maisha yake yote, kwa hiyo alikula bila uangalifu wowote. Ubongo wake ungetosha kwenye kiganja. Pua ndiyo iliyokuwa kubwa. Mnyama anayenusa sana na kufikiri kidogo. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo.

Shingo na mgongo vilikuwa na vyumba vya hewa ndani, kama kwa ndege, ndiyo maana mwili wote ule uliweza kukimbia. Mguu ulikuwa wa kuku kabisa, vidole vitatu mbele. Kifuani alikuwa na ule mfupa wa pacha mnaoukuta kwenye kidari cha kuku. Mikono ilikuwa mifupi, vidole vitatu vyenye kulabu, viganja vikitazamana. Mzee aliijaribu mikao yote mbele ya kioo, akahitimisha kwamba mnyama yule angeweza kukumbatia lakini asingeweza kujikuna mgongo. Na alitembea mwili umelala, mkia nyuma ukipima uzito wa kichwa. Wale wanaochora mkia ukiburuta chini waambieni hakuwa anafagia.

Siku moja mchungaji wa usharika wetu alikuja na darasa la kipaimara. Akazunguka mifupa mara mbili, akamwuliza Mzee kwa upole kwa nini mnyama huyu hakutajwa katika Biblia.

"Hata nyanya haikutajwa, Mchungaji," Mzee akajibu, "na juzi nimekuona ukiila."

Mchungaji alicheka kuliko watoto. Jumapili iliyofuata tulikaa benchi la nyuma kwa tahadhari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwenye magunia matatu ya mwisho tulikuta vijiti. Vyembamba, vimepinda kidogo, vingi vimekatika, kama kuni za kuwashia. Tulilamba. Vilinata, kwa hiyo vilikuwa mifupa. Ila mifupa ya nani? Haikuwa mbavu, mbavu zote tulikuwa nazo na zilishika mgongo vizuri. Hii haikushika popote. Nilikusanya michache, nikaona inaingiana miwili miwili kwa pembe. Nikamwonyesha Mzee.

"Hii ilikuwa imelala wapi?" akauliza.

"Gunia limeandikwa chini ya mbavu. Tumboni."

"Manka. Umekula mbuzi wangapi?"

"Wengi, Mzee."

"Umewahi kuona mtu amepewa mfupa wa tumbo?"

Sijawahi. Hakuna mtu mlimani aliyewahi kuupewa. Tumboni kuna utumbo, na utumbo una wenyewe, lakini mfupa hamna. Mzee akakata shauri kwamba ni mabaki ya wanyama wengine waliosombwa na maji wakalala pale na mzee mwenzao. Basi nikachukua kalamu nikaandika kwenye sanduku WADOEZI, maana walikuja kwenye nyama isiyo yao. Tulicheka sana. Mkuu alikuwa warshani.

Miezi ikapita. Ukumbi ukajengwa, siku ya ufunguzi ikapangwa, na ikawa inajulikana kwamba siku hiyo hiyo Mzee Elirehema atastaafu, atapewa cheti na blanketi zuri mbele ya mgeni rasmi. Mwanamume aliyezoea kujikunja kwenye kona ya picha alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Fundi wa ujenzi alikuwa anamwaga jukwaa la zege litakaloshika vyuma vya miguu ya mnyama, akapungukiwa kokoto. Akaja bandani kuuliza kama tuna vifusi. Mzee akanyoosha kidevu kuelekea rafu ya chini, kwenye lile sanduku la WADOEZI. Mimi ndiye niliyebeba. Ndoo mbili, nikazimwaga mwenyewe kwenye zege bichi, nikakung'uta na kitako ili lisibaki hata punje. Kumbukeni hilo, ndoo nilibeba mimi.

Tukamsimamisha mnyama juu yake. Alipendeza, mshenzi yule.

Siku tisa kabla ya ufunguzi, maofisa wa wanyamapori walituletea mamba aliyeuawa kwa kuwasumbua wavuvi bwawani kule chini. Walitaka tuwatengenezee mifupa yake kwa ajili ya mashule. Kuchemsha ilikuwa kazi yangu. Niliwasha moto chini ya pipa nyuma ya banda, nikaanza kupunguza ngozi kwanza. Nilipofungua tumbo, kisu kikagonga kitu. Nikapapasa. Ndani ya nyama ya tumbo, mbali kabisa na mgongo, havijashika popote, vilikuwa vimepangwa vijiti vyembamba, viwili viwili, kwa pembe, safu baada ya safu kutoka kifuani mpaka nyongani.

Nilikaa chini, juu ya matope, na gauni langu. Nilijua papo hapo. Hawakuwa wadoezi. Lilikuwa tumbo lake, kapu la mifupa la kubebea matumbo makubwa namna ile, na sisi hatukuwa na jingine na hatungepata jingine, na nilikuwa nimelipondaponda na saruji.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo siku nzima, msidhani mimi ni mtakatifu. Hakuna mgeni angeuliza tumbo liko wapi. Nilikuwa na mkataba wa muda mfupi na watoto watatu. Na Mzee alikuwa na siku tisa tu afike mwisho wa safari yake akiwa na heshima zake zote. Lakini mamba yule alikuwa bado kando ya pipa, na Mzee alikuwa na mazoea ya kuja kuchungulia. Nikaona afadhali asikie kwangu kuliko kwa mamba.

Nikamwita. Nikamwonyesha tumbo lililofunguliwa. Akainama, akashika kijiti kimoja kwa vidole viwili, akakigeuza.

"Funika," akasema.

"Mzee, tuongee na mkuu. Zege bado halijakomaa sana."

"Nimesema funika! Unataka nistaafu nikiwa kichekesho? Miaka yote hii, halafu mgeni rasmi aambiwe fundi mkuu hajui tumbo?" Akakirudisha kijiti mahali pake. "Mjinga mimi. Mjinga wa mbuzi."

Siku mbili hakunisemesha. Alipita karibu yangu kama nina ndui. Niliumia kuliko nilivyoumia nilipofiwa na mjomba, na mjomba huyo nilimpenda.

Siku ya tatu asubuhi nilifika nikasikia nyundo. Nilimkuta ukumbini peke yake, ameshusha mguu wa kushoto wa mnyama kwenye magunia, ameanza kula zege kwa tindo kutoka pembeni. Shati limelowa jasho. Hakugeuka.

"Usisimame hapo kama mgeni," akasema. "Lete tindo ndogo, na magodoro. Tukishusha kichwa kisigonge."

Tulikuwa tumefika katikati mkuu alipoingia. Alipiga kelele ambazo sitaziandika. Mzee akasubiri zimalizike, akasimama, akapangusa mikono kwenye koti.

"Nilizika tumbo la mnyama, Mkuu. Nilikosea. Mimi."

Nilifungua mdomo. Mzee akanitupia jicho moja tu, lile alilokuwa ananitupia nikiwa nataka kushika mfupa kwa mkono wenye gundi. Nikafunga mdomo. Nimelaumu jicho lile kwa miaka, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Mchana Mzee akatoka, akarudi na jani la sale amelifunga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu jani hilo umemwomba radhi, na hana ruhusa ya kukataa, hata kama ulimwulia ng'ombe. Akaliweka juu ya meza ya mkuu, akainamisha kichwa, akatoka kinyumenyume. Mkuu, mtu wa Tabora, alishukuru, akalitia kwenye glasi ya maji karibu na kompyuta. Ilibidi katibu wake, mama wa Kibosho, amweleze. Wanasema alilitoa kwenye maji akaliweka juani likauke vizuri, na hasira zikaisha nusu.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya ufunguzi. Mgeni rasmi hakuweza kuahirishwa. Alifika na msafara wake akakuta mnyama amelala chini vipande vipande na shimo katikati ya jukwaa, mimi na Mzee tumo ndani tuna vumbi mpaka kope. Mkuu akatangaza kwa sauti ya warshani kwamba haya ni maonyesho hai ya jinsi mifupa inavyochimbuliwa. Mgeni rasmi alifurahi mno. Alihutubia shimo kwa nusu saa, akasema taifa linahitaji vijana wachimbaji kama hawa. Mzee alikuwa na miaka sitini. Cheti hakikutolewa. Blanketi nalo likabaki kabatini kwa mkuu.

Alistaafu siku hiyo bila kupigiwa makofi, na kesho yake saa mbili akawa bandani kama kawaida. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Alichukua meza ya dirishani, akapanga mabonge ya zege, akaanza. Njia yake ilikuwa hii, na msiisahau maana siku moja mtaihitaji, ingawa nawaombea msiihitaji. Saruji nene itoeni kwa sindano, mkiacha ngozi nyembamba. Ngozi hiyo idondoshieni siki iliyozimuliwa sana, tone, kisha maji, kisha brashi, kisha subirini. Msiwe na haraka. Kijiti kimoja kilimchukua wiki. Vingine vilikuwa vimesagika, hivyo tuliviweka kwenye bahasha na kusema pole. Alikuja hivyo karibu miaka mitatu, bila kuitwa na mtu, na mchana mkewe alimletea kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa, kwenye bakuli lenye mfuniko.

Wakati wa mwisho wa mwaka wa tatu, alibisha mezani kwa kalamu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniita.

"Manka. Shika hapa. Usitazame, shika."

Nikapitisha kidole juu ya kijiti. Laini, laini, halafu nundu. Halafu laini tena. Kijiti cha jirani yake, nundu mahali pale pale. Na cha tatu.

"Alivunjika," nikasema.

"Alivunjika akapona. Mfupa umejifunga wenyewe." Akavua miwani. Macho yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha. "Mtu mzito namna ile, anakimbilia nyama, anajikwaa. Mikono ndiyo ile unayoijua. Akaenda chini tumbo mbele, mzima mzima. Puu! Mbele ya wenzake wote."

"Masikini."

"Masikini nini? Aliinuka. Akaumwa miezi, akanuna, akala panya sijui mjusi, akapona. Akaishi, Manka. Angalia nundu ilivyokomaa. Aliishi sana baada ya hapo."

Alicheka, na mimi nikacheka, tukalia wote wawili juu ya meza ya siki. Kisha akaniamuru nichukue kadi ya maonyesho na niandike anavyosema, neno kwa neno. Nilimbishia. Akasema yeye ameshastaafu, hawezi kufukuzwa. Kadi ipo hadi leo chini ya tumbo pale ukumbini, na kila mwaka kuna kijana msomi anataka kuibadilisha kwa sababu si ya kitaalamu. Imeandikwa: Mifupa ya tumbo. Ilivunjika mara ya kwanza mnyama alipoanguka, akaiponya mwenyewe. Ilivunjika mara ya pili kwa zege. Mvunjaji: Elirehema, fundi.

Alifariki kabla sijapata ujasiri. Tulimzika kihambani kwake, kati ya migomba yake, mkuu wa Tabora akaja na lile blanketi, na mkewe akalipokea kwa mikono miwili.

Niliipita kadi hiyo kila asubuhi miaka yote iliyofuata. Niliwaeleza wageni, nikawachekesha kwa habari za mgeni rasmi na shimo, na kila mara nilisema "fundi wetu" na kunyoosha kidole kwa jina moja. Ndoo sikuzitaja. Wakati mwingine mtoto wa shule aliuliza, "Kwani alikuwa peke yake?" Nikasema twende tukaone meno.

Ijumaa iliyopita mlipokuwa mnakata keki yangu ya kustaafu mkaniita mkanikosa, nilikuwa ukumbini. Niliomba ngazi kwa mlinzi, nikafungua kioo, nikachukua ile kalamu ya wino usiofutika tunayoandikia mifupa. Baada ya neno fundi palikuwa na nafasi ndogo, kama vile ameniachia. Nikaandika: na Manka, aliyebeba ndoo.

Mwandiko ni mbaya. Msiubadilishe.